Chumba cha Herufi N

Bango lilikuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yenyewe. Lilikuwa na picha ya msichana aliyevaa joho la mahafali, maua ya kompyuta pembeni, na maandishi mekundu: HONGERA MWALIMU MERLITA NOBLEZADA, FAHARI YA BANTIGUE. Wakili Del Prado wa ofisi ya leseni za walimu, aliyefika jana kutoka Manila na kutwa nzima alikuwa akilalamikia joto, alilipiga picha kwa simu, akarudia, kisha akamgeukia Inspekta Consorcia Gumban akiwa na furaha ya mtu aliyeokota pochi.

"Matokeo yalitoka Ijumaa," alisema. "Hili limetundikwa Alhamisi. Jirani kanithibitishia. Hebu niambie, Inspekta, mtu anajuaje kafaulu wakati matokeo hayajatoka?"

"Tuingie tumuulize," alisema Inspekta.

Alikuwa mama mnene, mzito wa mwendo na mzito wa kufurahi. Ushahidi unaojitundika wenyewe getini ulimtia shaka, lakini hilo hakumwambia Wakili, maana Wakili alikuwa mtu wa kubishana na barabara ilikuwa imeshamchosha.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Siku chache baada ya mtihani wa leseni ya ualimu, mwanamke alipiga simu ofisi ya leseni mjini Iloilo. Hakutaja jina lake. Alisema tu kwamba katika chumba cha herufi N kuna mtu aliyefanyiwa mtihani na mamluki, akakata simu. Watahiniwa hupangwa vyumbani kwa alfabeti ya majina ya ukoo, kwa hiyo chumba kilijulikana mara moja. Tabu ilikuwa mtu. Picha za fomu hazikusaidia kitu: studio za siku hizi humpaka kila mteja weupe, zikambandikia kola ileile ya kompyuta, na ukilipa zaidi zinachanganya hata sura mbili zikawa moja. Ofisi ikatafuta njia ya mkato. Ikaangalia nani katika chumba kile amefaulu ghafla, ikamkuta Merlita Noblezada, aliyedunda mara tatu na safari hii kapasua vizuri.

Wakili alikuwa na ripoti mkobani, imeshachapwa, inasubiri saini ya Inspekta tu. Ikisainiwa, matokeo ya Merlita yanafutwa na haruhusiwi kugusa mtihani huo tena mpaka anaingia kaburini. Nafasi ya kudumu aliyoahidiwa kwenye shule ya mlimani, alikofundisha kama mwalimu wa muda tangu amalize chuo, anapewa mwingine. Leo ilikuwa Jumatano, na walimu wapya walikuwa wanaapishwa Ijumaa.

Mama yake, Mama Pasing, aliwapokea kwa kahawa na wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mgomba, akawasukumia sahani mpaka wakala. Alipoulizwa kuhusu bango hakubabaika hata chembe. Alisema alilichapisha mwenyewe kabla ya mtihani kufanyika, na angelitundika hata mapema zaidi kama mwanawe asingemkataza. Redio ilisema matokeo ni Alhamisi, naye akatundika Alhamisi. Kama serikali ilichelewa siku moja, hilo iulizwe serikali.

"Kabla ya mtihani?" Wakili aliweka kikombe chini. "Ulikuwa na uhakika gani, Mama?"

"Padri anabariki penseli, mimi nachapisha bango. Ukimwomba Mungu huku umeficha mkono nyuma, anajua humwamini." Alisimama. "Njooni huku uani."

Uani kulikuwa na banda la nguruwe. Paa lake lilikuwa turubai tatu zilizoshonwa pamoja, na kwenye kila turubai alikuwepo Merlita, hapa mwembamba, pale amekata nywele, kila mahali akitabasamu na kupongezwa. Rangi ya bango la kwanza ilikuwa imeshapauka kwa jua. Chini yake nguruwe jike alikuwa amelala na wanawe, hana hili wala lile.

"Akifeli, nalileta huku," Mama Pasing alieleza. "Nguruwe wangu hawanyeshewi, Wakili. Uliza mtaa mzima."

Wakili aliliangalia paa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Inspekta aligeuka akajifanya anasafisha miwani, kwa sababu cheko lilikuwa limemfika kooni na hapakuwa mahali pake. Ule ushahidi wa getini ulikuwa umekwisha.

Merlita alirudi muda si mrefu, viatu vimejaa tope la mlimani. Alikuwa na umri wa karibu miaka thelathini, mpole, mwenye tabia ya kukunja mikono mapajani kama anayesubiri kuitwa. Inspekta alimuuliza maswali ya kawaida kwanza. Alitoka saa ngapi, alivaa nini, alikula nini mchana. Kisha akamwomba aeleze sehemu ya pili ya mtihani, ile ya taaluma ya ufundishaji. Merlita akaeleza swali moja baada ya jingine, hata yale aliyodhani amekosa, na kwa moja aliomba karatasi akawachorea jinsi alivyopima majibu manne mpaka akabaki na moja. Alilieleza mara mbili, ya pili taratibu zaidi, kwa sababu aliona Wakili hajaelewa. Mtu aliyefanyiwa mtihani hawezi kuujua hivyo.

"Nyuma yako alikaa nani?" Inspekta aliuliza.

"Glenda Nufable, wa dukani."

"Na mbele yako?"

Mikono ya Merlita ilikunjuka, ikakunjana upya. "Sikumwangalia, Manang," alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima.

"Kutwa nzima?"

"Nilikuwa na mtihani wangu wa kufanya."

Inspekta alishukuru kwa kahawa, akaaga. Ndani ya gari Wakili hakungoja hata mlango ufungwe.

"Umemuona? Kadanganya, tena kadanganya vibaya. Kwa hiyo bango si kitu, sawa. Lakini anaficha jambo."

"Anaficha," Inspekta alikubali. "Wewe kwenu Manila, ukikaa karibu na mtu usiyemjua unamuuliza nini?"

"Simuulizi kitu. Naangalia simu yangu."

"Basi hapa si hivyo. Bantigue, tangu Wahispania walipogawa majina ya ukoo, kila familia ilipewa jina la N. Noblezada, Nufable, Nismal, Napulan, tembea makaburini uone. Ofisi yako ilipowapanga kwa alfabeti, iliuchukua mji mmoja ikaufungia chumba kimoja. Na mtu wa Bantigue hakai kitini kabla hajamuuliza jirani yake: wewe wa kwa nani? Halafu anauliza hali ya mama, na hali ya ng'ombe. Yule binti anamjua aliyekaa mbele yake, na sijui kwa nini anameza jina lake."

Wakili alifikiri. "Kwa hiyo mamluki aliingia kwenye chumba cha watu wanaojuana wote, asikamatwe?"

"Hapo ndipo penye kazi," alisema Inspekta, akawasha gari.

Glenda Nufable walimkuta nyuma ya kaunta ya duka la mama yake, anapanga sabuni. Yeye hakufaulu, na aliwaambia hivyo mapema ili wasipate shida ya kumuonea haya. Alithibitisha bila kusita kwamba aliyekaa mbele yake ni Merlita mwenyewe, maana mchana walichangia samaki na wali chini ya ngazi za shule, na Merlita alimpa penseli ya akiba.

"Na mbele ya Merlita?"

"Divina Nismal. Mkamwana wa Mwalimu Mkuu Remedios."

"Unamfahamu?"

"Nitamfahamu wapi? Mtu wa mjini, hata harusi walifungia mjini, na mimi mwaka mzima nilikuwa Iloilo kwenye masomo ya kujiandaa. Halafu wote tulikuwa na barakoa siku ile. Ukimkalisha hapa mapajani kwangu simjui. Nilimuuliza tu, wewe wa kwa nani, akaniambia ni mke wa Jun Nismal. Nikamuuliza hali ya baba mkwe."

"Akasemaje?"

Glenda aliacha sabuni. "Ndicho kilichonishangaza. Akasema hajambo, anamshukuru Mungu. Mzee mwenyewe amelala sebuleni kwenye jeneza, watu wanakesha. Mimi sikuwa na habari, nimekuja kuambiwa na mama jioni. Ndiyo nikakumbuka na kifua chake, hakikuwa na kitu."

"Pini nyeusi ya msiba?"

"Hana. Kwenye chumba kizima wafiwa walikuwa wawili, binamu wa mzee, nao walivaa. Mkamwana hana. Nikajisemea, hawa wa mjini wana roho ya jiwe." Aliinua bega. "Sikuwaza zaidi. Nilikuwa na hofu zangu."

Wakili aliandika, na safari hii hakuwa na haraka. Njiani Inspekta alizungumza peke yake zaidi kuliko naye. Mamluki alikuwa amepangiwa kila kitu: jina, mume, mtaa. Mpango ulitengenezwa mzee akiwa mzima. Alipofariki katikati ya wiki, hakuna aliyekumbuka kumwambia mwanamke wa kukodiwa kwamba sasa ana msiba. Na kosa jingine lilikuwa la Divina mwenyewe. Sheria ilimruhusu kuandikishwa kwa jina la kwao, Villaruz, apangwe na wageni watupu wa herufi V. Yeye akataka leseni isomeke Nismal, jina zito katika elimu ya wilaya nzima, na jina hilo likamkalisha mamluki wake katikati ya ukoo.

Kabla ya kushuka kwenye nyumba ya Nismal, Inspekta alimwomba Wakili jambo moja tu: asifungue mdomo.

Nyumba ilikuwa imepangwa kama darasa kabla ya mkaguzi kufika. Picha ya marehemu ilikuwa juu ya meza ndogo na mshumaa mbele yake. Mwalimu Mkuu Remedios Nismal aliwakaribisha akiwa ameketi wima, amevaa nyeupe, pini nyeusi kifuani. Divina alileta juisi. Alikuwa mrembo, mwenye adabu, na pini yake ilikuwa mahali palepale pa mama mkwe wake.

Inspekta alieleza kwamba wanawapitia watu wote wa chumba kile, ni utaratibu tu. Akatoa pole ya msiba. Akasema anasikitika kwamba Divina alilazimika kufanya mtihani huku maiti iko nyumbani, na kwamba wengine wangeahirisha.

"Alitaka kuahirisha," alisema Mwalimu Mkuu. "Mimi ndiye niliyemkatalia. Marehemu alitaka nyumba hii ipate mwalimu mwingine."

"Na kwenda mtihanini na alama ya msiba kifuani, hukuona vigumu, Inday?" Inspekta alimuuliza Divina, akimwita binti kwa sauti ya shangazi. "Wengine huivua, wasije wakaulizwa maswali wakalia."

Divina alimtazama mama mkwe wake kwanza. "Siwezi kuivua. Sijaivua tangu baba afariki, isipokuwa kubadili nguo."

"Hata chumbani siku ile?"

"Hata chumbani. Nilikuwa naigusa kila nikikwama kwenye swali."

"Nilimfungia kwa mkono wangu alfajiri," Mwalimu Mkuu aliongeza, "nikamfanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso."

"Na aliyekaa nyuma yako, mlizungumza?"

"Kidogo. Sikumjua."

"Alikuwa Merlita Noblezada."

Uso wa Divina ulibaki na adabu yake, ila mkono ulikwenda kwenye pini ukabaki hapo. Mwalimu Mkuu aliuona mkono ule. Alikuwa ametumia maisha yake yote kuwaangalia watoto wakidanganya, na Inspekta alijua kwamba kitu kimeshuka ndani ya yule mama mbele ya macho yao, ingawa hakutingisha hata shingo.

"Merlita ni mtoto wangu wa ubatizo," Mwalimu Mkuu alisema polepole. "Alikuwa hapa usiku wa kuamkia mtihani. Wewe ndiye uliyempa kahawa, Divina."

Inspekta alimalizia juisi yake, akaaga.

"Haitoshi," alisema Wakili walipofika barabarani, na kwa mara ya kwanza alikuwa anasema kweli. "Atasema aliivua, akaona haya kukiri mbele ya mkwe. Na lile la baba mkwe, atasema alikuwa amechanganyikiwa. Glenda hakuona sura. Nahitaji mtu aliyemjua Divina na akamuona yule aliyekaa."

"Unaye. Mamluki alipita mbele ya msimamizi akashusha barakoa. Foleni nayo ilikuwa ya alfabeti. Nyuma yake alikuwa mtu aliyepewa kahawa na Divina halisi usiku uliotangulia."

Walimkuta Merlita anaosha viatu uani. Inspekta alivuta kigoda akakaa karibu naye, Wakili akabaki amesimama.

"Simu ile ulipiga wewe," alisema Inspekta.

Merlita aliendelea kusugua kiatu.

"Katika chumba kizima hakuna mwingine aliyeweza kujua, Inday. Glenda alikuwa mjini. Wale binamu walikaa safu ya mbali. Uliyemuona barakoa imeshuka ni wewe."

"Nilidhani mtawaangalia wote," alisema Merlita hatimaye. "Nilidhani mkishajua chumba, mtamkuta wenyewe, mimi nisitaje mtu. Mkaniangalia mimi."

"Basi taja sasa. Wakili anaandika, unasaini, Ijumaa unaapishwa."

"Ninang, mama yangu wa ubatizo, ndiye aliyenisomesha. Kila nilipofeli aliniambia jaribu tena, na hakuniuliza lini nitamlipa. Amemzika mume juzi tu. Nimpelekee na hili?"

"Usipompelekea, wewe ndiye utakayefutwa," Wakili aliingilia, na hakulisema kwa ubaya. "Milele. Ripoti inayobaki ni hii iliyomo mkobani."

"Naijua milele, Wakili. Nimefeli mara tatu." Alikuwa anaogopa, lakini jina hakulitoa.

Geti lililia. Mwalimu Mkuu Remedios aliingia uani peke yake, kwa miguu, mwavuli mkononi. Alimwamkia Mama Pasing aliyechungulia mlangoni, akawapita Inspekta na Wakili, akasimama mbele ya beseni la viatu.

"Ulijua kuwa siye Divina?"

Merlita aliinuka. Povu lilikuwa linamtiririka vidoleni. "Nilijua, Ninang."

"Ukaninyamazia tangu mtihani wa Septemba."

"Ulikuwa umefiwa."

"Nimekufundisha kusoma nikiwa nimekupakata. Nimekufundisha kuhesabu, nikakufundisha kusimama mbele ya watu usitetemeke. Kunyamaza nilikufundisha lini?"

Mwalimu Mkuu alimgeukia Wakili akamwambia aandike: mkamwana wake amekiri, siku ya mtihani alikaa sinema mpaka jioni akiwa na pini kifuani, na aliyemlipa yule mwanamke ni yeye Divina, mumewe hana habari. Sababu yake ni kwamba alishafeli mara moja kwa siri na hakuweza kuja kulisema hilo katika nyumba ile. Alisema yote kwa mpangilio, akasimama palipohitaji nukta. Kisha akasema mlalamikaji aandikwe yeye, Remedios Nismal, ili mambo yaishie ndani ya familia iliyoyaleta.

Kalamu ya Wakili ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Hapana," alisema Merlita. Alijifuta mikono kwenye sketi, akamsogelea Wakili. "Mlalamikaji ni mimi. Simu nilipiga mimi. Na niliyemuona ni mimi. Divina Nismal hakuwepo katika chumba kile, alikaa mtu mwingine kwenye kiti chake. Niandike jina langu lote, Wakili."

Wakili alimtazama Inspekta, Inspekta akatikisa kichwa kukubali. Merlita akasaini. Wakili aliitoa ripoti ya zamani mkobani, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Mwalimu Mkuu alisubiri mpaka saini ikauka. Merlita akainama mbele yake, akanyoosha mikono aupokee mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso, kama alivyomwamkia tangu utotoni.

Mkono haukuja. Mwalimu Mkuu alikuwa ameukaza kwenye mpini wa mwavuli.

"Leo sina mkono wa kumpa mtu," alisema. "Nyumbani kuna huyo mtoto Divina analia jikoni, na mwanangu anatoka kazini jioni, na mimi ndiye wa kumwambia. Ijumaa, ukishaapa, njoo uuchukue."

Akafungua mwavuli, akatoka.